Sensa ya Vilio

Nchi ninayoisimulia ipo, lakini msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Jina lake lilipelekwa kwenye kamati likahakikiwe, na kamati haijarudi. Mimi ni mtu wa kawaida tu. Nilisoma sekondari nikaishia hapo, na sina ugomvi na serikali. Naandika ili nisisahau mama yangu alikuwa nani, kwa sababu serikali, kwa nia njema kabisa, imeandika kwamba alikuwa mtu mwingine.

Katika nchi yetu watu huhesabiwa kila baada ya muda, na kila wanapohesabiwa hugeuka watu wengine. Wageni hushangaa. Sisi tumezoea.

Sensa ya kwanza ilifanywa na Wazungu, nao walitaka rangi. Mzungu mmoja alifika kwetu Tindiri na vibao vilivyopakwa rangi mbalimbali, akawa anaweka kibao kando ya shavu la kila mtu mpaka apate kinachofanana. Babu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuchoma mkaa, akaandikwa Mweusi Daraja la Kwanza. Bibi alikuwa ametoka kusaga unga, akaandikwa Nusu Mwarabu. Mtoto wao, ambaye ndiye mama yangu, alikuwa amelala mgongoni, akaandikwa "ataangaliwa baadaye".

Sensa ya pili walitaka pua. Huko kwao kilikuwa kimetoka kitabu kipya, na ndani yake ilionekana kwamba rangi si kitu, pua ndiyo mtu. Wenye pua ndefu wakafanywa machifu, wenye pua pana wakafanywa wapagazi. Msimu ule Tindiri nzima ilikuwa na mafua, na pua zetu zilikuwa zimevimba. Tulibeba mizigo kwa miaka mingi kwa sababu ya yale mafua.

Kisha tukapata uhuru, na makabila yakapigwa marufuku. Katika sensa ya uhuru kila mtu aliulizwa, "Wewe ni nani?" Jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa chini ya swali: "Sisi ni wamoja." Makarani wakajumlisha nchi nzima, na jumla ikawa mmoja. Rais akatangaza redioni kwamba taifa lina mtu mmoja. Kila mtu alifurahi akidhani ni yeye aliyetajwa, isipokuwa Rais, ambaye alijua ni nani.

Lakini wafadhili walikataa kuleta unga wa mtu mmoja. Makabila yakarudishwa haraka, na vyeo, barabara na sukari vikaanza kugawanywa kwa kufuata wingi wa kila kabila. Rais alikuwa Mdomboro, na Wadomboro ndio waliopata sukari ya kwanza. Sensa iliyofuata ikaonyesha kwamba Wadomboro ni wengi kuliko wananchi.

Hapo ndipo aliposimama Kamishna Mkuu wa Sensa, Mheshimiwa Daktari Lutengamo Bisege, akaokoa takwimu za taifa.

*

Hotuba yake tuliisikia kwenye redio ya mjomba Selenge, mdogo wake mama, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kijiji.

"Ndugu wananchi," alisema Kamishna, "mdomo hudanganya. Ngozi hudanganya. Pua nayo, kama historia ilivyotufunza, hudanganya. Lakini nani kati yenu amewahi kudanganya msibani? Mtu anapofiwa hulia kama alivyolia baba yake na babu yake. Kwa hiyo kuanzia leo, serikali yenu tukufu haitawauliza kabila. Itawasikiliza!"

Watu waliokuwa mbele yake wakapiga makofi mpaka redio ikakoroma.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila kata ingepata Afisa Maombolezo mwenye chombo kiitwacho Kipima Kilio. Msiba ukitokea, afisa hukiweka karibu na maiti, chombo husikiliza, kisha hutoa jina la kabila kwa kulinganisha na vilio vilivyokwisha kusajiliwa. Kijiji kizima huandikwa kabila hilo. Kila kijiji kilitakiwa kiwe na msiba walau mmoja kabla ya Siku ya Taifa. Kijiji kisichofiwa kingehesabiwa kuwa hakina wenyewe, na ardhi yake, pamoja na makaburi, ingechukuliwa kwa matumizi ya umma.

Kwetu matumizi ya umma tuliyajua. Tindiri ni mlima wa mawe mazuri meupe, na juu yake ndipo tunapozika. Baba yangu yuko pale. Wapimaji walikuwa wamekwisha kuupaka alama nyekundu, kwa sababu serikali ilikuwa inajenga Jumba la Takwimu na ilihitaji mawe mazuri meupe.

Sehemu nyingine za nchi mambo yalikwenda vizuri. Wadomboro walijaliwa kipindupindu. Wagombore hawakuwa na mtu wa kufa, wakaazima maiti moja, ikaliliwa katika vijiji vinne na kupata makabila manne tofauti. Sisi tulikuwa na shida mbili. Ya kwanza ni kwamba tulikuwa wazima.

*

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Kwetu Tindiri mtu akifa hatulii.

Simaanishi kwamba hatuna machozi. Lakini tangu mtu anapokata roho mpaka anapofukiwa, hakuna anayetoa sauti. Kila mmoja hushika kazi moja ambayo marehemu aliiacha katikati, akaimaliza. Kama aliacha nguo kwenye beseni, zitafuliwa. Kama ukuta ulikandikwa nusu, utakandikwa wote. Mtu hazikwi mpaka kazi zake ziwe zimekwisha, asije akalala na wasiwasi. Siku tuliyomzika baba nilichonga mpini wa jembe, na mikono yangu bado inaukumbuka.

Mjomba Selenge alikwenda wilayani kueleza jambo hili. Alirudi jioni akiwa amechoka, akatusimulia mimi na mama.

"Karani ananiuliza, 'Mnalia vipi?' Nikamwambia hatulii. 'Kwa hiyo hamfi?' Tunakufa, nikamwambia. 'Mnakufa bila kulia?' Tunafanya kazi, nikasema. Akafunga daftari. 'Mambo ya kazi si hapa, baba. Wizara ya Kazi ni jengo la pili.'"

"Na ukaenda?" aliuliza mama.

"Nikaenda."

"Wakasemaje?"

"Wakauliza kama marehemu alikuwa na mkataba."

Mama, Bi Sikudhani, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na kifua cha siku nyingi. Alipokohoa, niliona mjomba akiinua kichwa na kumtazama. Kisha akainamisha macho haraka, na mimi pia nikainamisha yangu. Nadhani siku hiyo ndipo wote wawili tulipofikiria jambo lilelile.

*

Afisa Maombolezo wetu aliitwa Bwana Fidelisi Kongoro. Alikuwa Mshelili, kutoka nyika za mbali za kaskazini, mtu mpole mwenye viatu vikubwa kuliko miguu yake. Aliletwa kwa gari, akashushwa na chombo chake na godoro. Kwa kuwa kijiji hakikuwa na nyumba ya wageni, akapewa chumba kwetu.

"Mtanisamehe," alisema siku ya kwanza, akisimama mlangoni. "Kijiji chenu kimeandikwa kuwa ni kijiji chenye matarajio. Nimeambiwa ningoje."

"Karibu mwanangu, ngoja," mama alimwambia. "Unangoja umekaa au umesimama?"

Kuanzia hapo kijiji chetu kikawa na adabu ya ajabu. Watu walikuwa wanaamkiana kwa makini mno. Mtu akisema amelala vizuri, aliyemuuliza alijibu "Ahaa" kwa sauti ya kuvunjika moyo. Mzee Bwakila, jirani yetu, ambaye alikuwa mkubwa kuliko mama, alijitokeza mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji.

"Mimi tangu juzi sijisikii vizuri," alisema. "Nadhani naweza."

"Mzee, jana nimekuona juu ya paa unaezeka," mjomba alimjibu.

"Basi ningeanguka. Nilijitahidi."

Watu walicheka, halafu wakaona haya.

Lakini kila mtu alijua ni nani. Mama alikuwa anapungua. Asubuhi wanawake walimletea uji, wakawa wanasimama nao pale mlangoni bila kujua wampe au waurudishe. Mjomba alipitisha azimio kwamba uji wa wagonjwa usitiwe sukari nyingi, kwa sababu za kiafya. Siku hiyohiyo mchana alikuja na sukari aliyoifungia kwenye karatasi, akaimimina yote kwenye bakuli la dada yake bila kusema neno.

"Selenge," mama alimwambia, "umesimama unanitazama kama fundi majeneza. Kama unataka kunipima, leta kamba."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nisiseme? Nyie mnawaza, mimi nisiseme? Kaa hapa. Mlima ukichukuliwa mtanizika wapi?"

"Kuna uwanja wa Wengineo, wale wasioandikwa kabila, kule karibu na jalala."

"Na shemeji yako?"

Baba alikuwa mlimani, na wapimaji walikuwa wamepaka alama nyekundu kwenye jiwe lake.

"Mimi nataka kulala kando ya mume wangu," alisema mama. "Sitaki kuwa Mwingineo. Mimi nina watu wangu."

*

Mjomba alipata wazo, akaliita mpango wa maendeleo. Kama Kipima Kilio hakijui ukimya, basi tukifundishe kilio. Tungetunga kilio cha Kitindiri kisichofanana na cha kabila lolote, tusajiliwe nacho, kisha mambo mengine tungeyapanga baadaye.

Mazoezi yalifanyika nyuma ya zizi la Mzee Bwakila, kwa sababu mbuzi hawangejali. Mjomba alisimama mbele na fimbo kama mwalimu wa kwaya.

"Wanawake wataanza juu. 'Iyee!' Wanaume watapokea chini. 'Oho!' Haya, marehemu amekwisha kufa, moja, mbili..."

Ilitoka sauti ambayo sijui niieleze vipi. Ilikuwa kama watu wanaofukuza ngedere shambani huku wakiomba radhi.

"Hapana, hapana! Hapo mmelia Kidomboro. Mkilia Kidomboro tumekwisha. Tena!"

"Mwenyekiti," alisema Mzee Bwakila, "tulie kwa huzuni au tulie tu?"

"Kwa sasa lieni tu. Huzuni itakuja yenyewe."

Mama alikuwa anasikia yote kutoka kitandani. Niliporudi nilimkuta anajifuta machozi ya kucheka, na Bwana Kongoro amekaa kando ya kitanda anamenya viazi. Alikuwa na tabia hiyo, kukaa naye. Alikuwa anakaa pale mchana kutwa, chombo chake kimefunikwa kwa kitambaa.

"Mwanangu Fidelisi anasema kilio chenu hakifai," mama aliniambia.

"Sikusema hakifai, mama," alisema Bwana Kongoro. "Nimesema hakina mtu ndani yake. Chombo kitakipokea, lakini masikio yangu yanasikitika."

"Kwenu Shelili mnalia vipi?"

Akaacha kumenya. "Kwetu ni kama mtu anayemwita ng'ombe aliyepotea jioni. Unaita mara moja, chini, kutoka tumboni. Unangoja kama unasubiri kujibiwa. Halafu unaita tena."

"Hebu."

"Haiwezekani, mama. Nikiwa kazini nimeapishwa. Afisa haruhusiwi kulia." Akatazama viazi. "Mama yangu alifariki mwaka jana, nikiwa msibani kwa watu wengine huko Gombore. Napima. Barua ilinifikia akiwa amezikwa siku nyingi. Sijamlilia bado. Ratiba ilikuwa imebana."

Mama akamwekea mkono kichwani, na wote watatu tukakaa hivyo. Kisha akanigeukia.

"Na wewe nisikilize. Mimi nikifa, msinipigie makelele ya mbuzi. Nimewasikia. Ni mabaya. Lakini kama bila hayo mlima unakwenda, basi yapigeni, nitavumilia. Nitakuwa sina la kufanya."

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake. Nilimwambia sawa.

*

Alikata roho asubuhi, siku chache kabla ya Siku ya Taifa, akiwa anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekwisha kuchambua nusu.

Mjomba aliingia, akamtazama dada yake kwa muda mrefu. Alitoka, akamtuma mtu akawaite watu wote. Bwana Kongoro alikuja na chombo, akakiweka chini karibu na kitanda na kukiwasha. Taa yake ya kijani ikawaka. Kijiji kizima kilikuwa uani. Kila mtu alijua sehemu yake. Wanawake walikuwa upande wa juu, wanaume upande wa chini, kama tulivyofanya mazoezi. Sauti ya kwanza ilitakiwa itoke kwangu, kwa sababu mimi ndiye mtoto wake.

Mjomba alinyanyua fimbo yake.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Nilikuwa nimeazimia, na ruhusa nilikuwa nayo. Lakini nilipoinamisha kichwa ili nipate pumzi, niliuona ule ungo, maharage mazima upande mmoja na yaliyochanganyika na vijiwe upande mwingine. Nikakaa chini nikauvuta.

Nilikuwa natoa vijiwe. Nilisikia watu wanangoja. Kisha nikasikia ufagio, maana uani kulikuwa kumefagiwa nusu. Mtu mwingine akachukua ndoo, kwa sababu mtungi wa mama ulikuwa haujajaa. Mzee Bwakila akapanda juu ya paa la jiko la mama, lililokuwa linavuja tangu mvua zilizopita na mama akawa anasema kila siku kwamba atalishughulikia. Nilipoinua macho, mjomba Selenge, mwenyekiti, mtunzi wa kilio, alikuwa ameweka fimbo chini na alikuwa anashona ukingo wa khanga ya dada yake, kwa sindano ileile ambayo mama aliiacha imechomekwa.

Hatukuwa tumepanga. Ilikuwa hivyo tu.

Bwana Kongoro alizunguka kati yetu na chombo chake, akikiinua huku na huku kama mtu anayetafuta mawimbi ya redio.

"Ndugu zangu," alinong'ona. "Ndugu zangu, hakijaandika kitu. Lieni hata kidogo. Chombo hiki hakioni mikono." Ufagio uliendelea. "Mama Tunu," aliniambia mimi, kwa jina la mwanangu, "wewe ulie, hata mara moja tu. Nakuomba. Mtapoteza mlima."

Nilimtazama. Nilitaka kumsaidia. Lakini maharage yalikuwa hayajaisha, na sauti yangu sikujua iko wapi.

Akabaki amesimama katikati ya uani. Alitazama watu wakifanya kazi. Alitazama mlangoni, kule ndani alikolala mama aliyekuwa anamwita mwanangu. Kisha uso wake ukabadilika, akapiga magoti na chombo kikiwa kifuani, na kutoka tumboni mwake ikatoka sauti moja, ya chini, ndefu. Akanyamaza, kama anasubiri kujibiwa. Akaita tena.

Taa ya kijani ikazima, nyekundu ikawaka. Chombo kikatoa karatasi yake.

Tulimzika mama adhuhuri, kando ya baba, kazi zake zote zikiwa zimekwisha. Ulikuwa msiba mzuri. Ni vizuri niliandike hilo hapa, kwa sababu sitapata nafasi nyingine ya kuliandika.

*

Karatasi ilisema: Kijiji cha Tindiri. Kilio kimesikika. Kabila: Washelili.

Bwana Kongoro alikwenda makao makuu kwa miguu yake kueleza. Mjomba na mimi tulimsindikiza, tukakaa kwenye benchi ofisini kwa Kamishna Mkuu.

"Mheshimiwa, kilio hicho ni changu," alisema Bwana Kongoro. "Ni mimi niliyelia. Hawa wazee hawakutoa sauti. Mimi ndiye Mshelili."

Kamishna Bisege alikuwa na sauti nzuri, hata akizungumza na watu watatu ilikuwa kama anahutubia uwanja. "Bwana Kongoro, ulikuwa kazini?"

"Nilikuwa kazini."

"Afisa akiwa kazini ana kabila?"

"Kwa mujibu wa kiapo, hana."

"Asiye na kabila anaweza kulia kilio cha kabila?"

Bwana Kongoro alitikisa kichwa.

"Basi kilio hicho hakiwezi kuwa chako. Na kama si chako, ni chao. Hakukuwa na mtu mwingine pale." Kamishna akatugeukia kwa tabasamu. "Hongereni sana, wazee wangu."

"Mheshimiwa," alisema mjomba, "sisi hata hiyo Shelili hatujawahi kuiona."

"Ndiyo uchungu wa kupotea!" alisema Kamishna, na machozi yakamlenga kwelikweli. "Mababu zenu walitoka kule, mkasahau njia, mkasahau na jina. Lakini msiba umewakumbusha. Damu imeita. Na serikali yenu imesikia!"

"Na mlima wetu?"

"Mlima gani?"

"Tindiri. Makaburi yetu."

Kamishna alifungua sheria, akaisoma taratibu ili tuelewe. Makaburi ya kabila huwa katika nchi ya kabila. Nchi ya Washelili ni Shelili. Kwa hiyo Washelili hawawezi kuwa na makaburi Tindiri. "Hivyo vilivyoko pale," alisema kwa huruma, "vitakuwa ni vichuguu."

*

Siku ya Taifa alikuja mwenyewe Tindiri na bendi ya polisi. Alitupa kila mmoja cheti cha kurudi nyumbani. Bwana Kongoro alipewa nishani ya kugundua kabila lililopotea. Aliipokea, maana kukataa nishani ni kosa, lakini sikumuona ameivaa tena.

Malori yalikuwa yanangoja, injini zinawaka. Tulipewa nafasi ya kuchukua vyombo na kuku wawili kwa kila nyumba. Mzee Bwakila aliuliza kama anaweza kubaki awe Mwingineo, wakamwambia nafasi za Wengineo zimejaa. Nilimbeba mwanangu Tunu, alikuwa bado ananyonya, nikapanda. Gari lilipozunguka mlima, wale wa mawe walikuwa wamekwisha kuanza kwa upande wa jua, kule ambako mawe ni meupe zaidi. Jumba la Takwimu limekwisha, na nimeambiwa ni zuri. Sijaenda kulitazama. Sijui mama na baba wako kwenye ukuta upi.

*

Washelili ni watu wema. Sina budi kusema hivyo. Waliposhuhudia malori yakishusha watu wasiowajua, wazee wao walishauriana, kisha wakatuletea maziwa. Mmoja alimuuliza mjomba, "Ninyi ni akina nani?" Mjomba akamwonyesha cheti. Mzee yule hakujua kusoma, mjomba akamsomea. "Basi karibuni," alisema yule mzee. "Kama serikali imesema."

Nyika ya Shelili ni kavu, na maji ya visima vyake yana magadi. Walitupa nyumba za bati zilizopangwa kwa mstari. Bwana Kongoro alistaafu, akajenga si mbali na sisi. Akinikuta njiani huvua kofia, tunaulizana hali, hatuzungumzi zaidi. Simlaumu. Katika nchi hii nzima ndiye mtu pekee aliyemlilia mama yangu kwa sauti, na alilia kwa ukweli. Ndiyo maana chombo kilimwamini.

Mjomba Selenge hakuwa mwenyekiti tena wa chochote. Aliketi mbele ya nyumba yake ya bati akitazama upande ambao hauna mlima. Nilipompelekea chakula alikula. Nilipomwambia apande mahindi, alisema atapanda mvua zikija. Mvua zilikuja, zikaenda.

Mwaka huu ulikuwa mwaka wa sensa tena, kwa njia ileile ya msiba, kwa kuwa imesifiwa na wataalamu wa nje. Mjomba alifariki katikati yake. Sisi wachache tuliobaki wa Tindiri tulikusanyika kwake, hatukutoa sauti, tukaanza kutafuta kazi alizoziacha. Tuliangalia uani. Tuliangalia nyuma ya nyumba, chini ya kitanda, kwenye kikapu chake. Hapakuwa na kitu. Tangu afike Shelili hakuwa ameanza jambo lolote. Tukabaki tumesimama chumbani, mikono mitupu, tunatazamana.

Nje majirani walikuwa wameanza kufika, kwa sababu ni watu wema, na afisa mpya, kijana aliyenyolewa vizuri, alikuwa amekwisha kuwasha chombo chake. Ndipo nikamsikia Tunu.

Mwanangu ana miaka kumi na mitatu. Alimpenda sana babu yake Selenge. Alikuwa amepiga magoti pale mavumbini kati ya wasichana wenzake, na sauti yake ilikuwa inatoka tumboni, ya chini, ndefu, inaita, inanyamaza inasubiri, inaita tena. Washelili wakongwe waligeuka kumtazama. Hakuwa anaigiza. Hajui kulia kwingine.

Taa nyekundu ikawaka. Yule afisa kijana akachana karatasi, akanitafuta kwa macho na kuja kunishika mkono.

"Pole sana, mama," alisema. "Na hongera. Nimepima vilio vingi katika nchi hii. Kile cha binti yako ndicho safi kuliko vyote."

Nilimshukuru. Nikaenda nikakaa karibu na mwanangu, ili asilie peke yake.